Kona ya Mto si Mali ya Mtu Mmoja



Ikiwa shamba lako lapakana na mto, waijua hasara ambayo haitangazwi na mtu yeyote. Mvua kubwa ikinyesha, twasikia habari za madaraja yaliyovunjika na watu waliohamishwa. Lakini hasikiki mtu akisema kwamba mkulima fulani ameamka asubuhi akakuta safu tatu za miwa haziko tena, na kwamba mwaka uliopita zilikwenda safu mbili, na mwaka ujao huenda zikawa tano. Mkulima huyo alipewa ekari zake kwa hesabu, akazilipia kwa hesabu. Mto peke yake ndio ambao haukuulizwa katika hesabu hiyo.

Jambo ninalotaka kusema leo huenda wengine wasilipende. Mkulima ajengaye ukuta wa mawe peke yake, mbele ya shamba lake tu, hupoteza fedha zake, na mara nyingi huharibu na shamba la jirani. Kona ya mto ni kitu kimoja, hata kama imegawanywa katika mashamba manne. Ama hulindwa yote, kwa shauri moja la wote, ama yafaa iachwe.

Kwa nini mto hula upande mmoja

Mto ukiwa milimani hukimbia moja kwa moja. Ukifika nchi tambarare hupunguza mwendo, ukaanza kuzunguka. Tazameni mto Nyando. Hutoka katika milima ya Nandi na Tinderet, hupita Muhoroni, kisha huingia tambarare ya Kano na kujipinda huku na huku kabla ya kufika Ghuba ya Winam. Mto Nzoia nao, utokao Cherangani na mlima Elgon, hupita katika mashamba ya Trans Nzoia na Lugari, na mwisho wake katika nchi ya chini ya Bunyala ni kona juu ya kona. Ukiona kando ya mto kama hiyo dimbwi refu lililopinda kama mundu, jua kwamba hapo palikuwa mto zamani. Mto umehama, ukaliacha.

Wengi wadhani maji hula ukingo kwa sababu huugonga tu, kama ng'ombe agongavyo ua. Sivyo kabisa. Chukua kikombe cha chai ambayo haikuchujwa, ukoroge kwa kijiko, kisha toa kijiko utazame majani ya chai. Ungetazamia yasukumwe kwenye ukuta wa kikombe. Lakini hukusanyika chini, katikati. Albert Einstein, yule mtaalamu mashuhuri wa fizikia, aliandika mwaka 1926 kwamba jambo hilo hilo ndilo litendekalo katika kona za mito. Maji ya juu huenda mbio, nayo husukumwa upande wa nje. Maji ya chini hukwaruzana na sakafu, hupungua mwendo, nayo hurudi upande wa ndani yakivuta majani ya chai pamoja nayo.

Mtoni ni vivyo hivyo. Maji ya juu hukimbilia ukingo wa nje, huzama chini penye mguu wa ukingo, huchimba udongo wa hapo, kisha hutambaa sakafuni kuelekea upande wa ndani. Ndiyo sababu upande wa nje wa kona una kina kirefu na ukingo uliosimama wima, na upande wa ndani una mchanga uliolala polepole. Katika kona kali kina cha maji chaweza kuwa mara mbili ya kina cha mahali ambapo mto umenyoka, hata na zaidi.

Kutokana na hayo yatupasa kukumbuka mambo matatu.

La kwanza, ukingo haufi juu. Hufa chini, mahali usipopaona. Mguu ukiisha kuchimbwa, sehemu ya juu hubaki imening'inia, kisha huanguka kwa uzito wake.

La pili, mara nyingi ukingo hauanguki wakati mafuriko yamejaa, bali wakati maji yanapopungua. Udongo umelowa, umekuwa mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Kwa hiyo mtu asiseme hatari imekwisha kwa kuwa mto umeshuka.

La tatu, pigo kubwa haliko katikati kabisa ya kona, bali kidogo upande wa chini, maji yaendako. Ndiyo maana kona huhama polepole kuelekea chini. Mahali panapobomoka leo sipo patakapobomoka miaka mitano ijayo. Na shamba ambalo leo ni salama, chini ya kona, ndilo lililo katika njia yake.

Ukuta wa mtu mmoja

Sasa fikirini mkulima aliye katikati ya kona. Anauza ndama wawili, anakodi lori, analeta mawe, anayamwaga kutoka juu ya ukingo mbele ya shamba lake. Kwa msimu mmoja hufurahi. Kisha yatokea nini?

Maji yakifika penye mawe hayali tena udongo, lakini nguvu zao hazikuisha. Hupita kando ya mawe na kutokea mwisho wake, na hapo hukuta udongo mtupu wa jirani. Hula hapo kwa ukali kuliko zamani. Vile vile mwanzo wa mawe, upande wa juu, maji huchimba nyuma yake mpaka mawe yabaki yamesimama mtoni kama kisiwa, na mto umepita kati yake na shamba. Mawe yenyewe, kwa kuwa yalimwagwa juu wala hayakufika mguuni, huporomoka moja moja. Ndama wamekwenda, mawe yamekwenda, na majirani hawasalimiani.

Wahandisi wanajua jambo hili. Kanuni moja itumiwayo Marekani yasema kwamba ulinzi wa kona uanze juu ya kona kwa kiasi cha upana mmoja wa mto, na uendelee chini ya kona kwa kiasi cha upana mmoja na nusu. Tuseme mto wako una upana wa mita 20 na kona yenyewe ina urefu wa mita 150. Basi yakupasa kuongeza mita 20 juu na mita 30 chini, na jumla ya kazi ni mita 200. Je, shamba lako peke yako lina ukingo wa mita 200 katika kona hiyo? Katika skimu nyingi urefu huo ni mashamba mawili, matatu au manne. Hapo utaona kwamba maji yenyewe yametufundisha ushirika kabla ya mtu yeyote kutuhubiria.

Msinyoshe mto

Wako wanaosema, "Kwa nini tuhangaike na kona? Tuombe tingatinga lichimbe mfereji ulionyoka, mto upite hapo, na kona yote iwe shamba." Maneno haya ni matamu, lakini yana sumu.

Kati ya mwaka 1932 na 1942 wahandisi wa jeshi la Marekani walikata kona nyingi za sehemu ya chini ya mto Mississippi, wakaufupisha kwa karibu maili 150, yaani kama kilomita 240. Ni kweli kwamba kimo cha mafuriko kilipungua. Lakini mto uliofupishwa hushuka kwa ukali zaidi, maana umbali umepungua na kimo cha kushuka ni kile kile. Mto huo ulianza kula kingo zake ili upate tena urefu wake wa zamani. Iliwabidi wahandisi kutandika mikeka mikubwa ya zege kwenye kingo, na kazi hiyo haijakwisha hata leo. Taifa tajiri laweza kumudu kazi isiyokwisha. Skimu ya wakulima wa maziwa na miwa itaimudu kwa fedha gani?

Tena mto ukinyoshwa kwenu, maji huwafikia walio chini kwa haraka na kwa wingi. Watu wa Bunyala wamekwisha kuona maana ya maji yajayo kwa nguvu. Mwaka 2003 mto Nzoia ulivunja matuta ya Budalang'i, na maelfu ya watu wakaacha nyumba zao. Tuta hukinga mafuriko yasienee, lakini tuta si dawa ya kona. Mto ukiachwa uchimbe mguu wa tuta, tuta litaanguka kama ukingo mwingine wowote.

Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yamkataza mtu kujenga kitu mtoni, kuuchimba au kuugeuza mto kutoka njia yake bila kibali. Sheria hiyo haikuwekwa ili kumwonea mkulima. Inamlinda mkulima aliye chini yako dhidi yako, na inakulinda wewe dhidi ya aliye juu yako.

Anzeni chini, si juu

Basi, ikiwa kona yastahili kulindwa, ilindwe namna gani? Ziko njia nyingi, na mhandisi wa maji ndiye atakayechagua. Lakini yafaa mkulima azijue, asije akauziwa kazi mbovu.

Njia ya kwanza ni kuuvika ukingo mawe. Ukingo hulazwa kwanza usiwe wima, kisha hutandikwa kokoto au kitambaa maalumu cha kuchuja, na juu yake mawe mazito. Tabaka hilo la chini si urembo. Bila hilo maji hunyonya udongo kupitia nafasi zilizo kati ya mawe, na mawe huzama. Mguuni huwekwa rundo la mawe ya ziada. Wahandisi waliojenga madaraja ya reli katika Punjab mwishoni mwa karne ya 19 walitambua faida yake: mto ukichimba mguu, mawe hayo ya ziada huteremka yenyewe na kufunika shimo. Ukiona mkandarasi ameleta mawe ya juu tu, wala hakuleta ya mguuni, muulize kwa sauti mbele ya watu.

Njia ya pili ni vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, viitwavyo gabioni. Wengi mmeviona kando ya barabara na madaraja. Faida yake ni kwamba mawe madogo yaweza kutumika, na kikapu hujipinda kidogo bila kuvunjika udongo ukitulia. Ubaya wake ni waya. Waya ukishika kutu au ukikatwa na mtu atakaye waya wa ua, kikapu hufunguka, na kikapu kimoja kikifunguka jirani zake hufuata. Gabioni yataka mlinzi, na mlinzi huyo ni ninyi.

Njia ya tatu ni mikono ya mawe itokayo ukingoni na kuingia mtoni, mmoja baada ya mwingine. Haiuvishi ukingo wote, bali huyasukuma maji makali mbali nao, na kati ya mkono na mkono matope hutua. Kwa kawaida mkono hauzidi robo ya upana wa mto. Mkono mrefu mno huyapeleka maji kumpiga mkulima wa ng'ambo, nao mkono mmoja tu hufanya fujo kuliko faida. Shina la kila mkono hufukiwa ndani kabisa ya ukingo, maji yasipite nyuma yake.

Kwa vijito na mito midogo iko njia ya nne, ambayo wakulima wenyewe waweza kuifanya wakiongozwa na Bwana Shamba. Ni kupigilia nguzo mguuni mwa ukingo na kufuma fito kati yake. Ua huo hauzuii maji. Huyapunguza mwendo tu, nayo hutua mzigo wao wa matope, na katika matope hayo hupandwa mianzi, matete au majani ya vetiva.

Lakini msidanganyike kuhusu majani. Mizizi ya vetiva yaweza kufika mita 3 chini, na hiyo ni kazi nzuri sana. Hata hivyo, ikiwa ukingo wako una kimo cha mita 5 na mto unachimba chini kabisa, mizizi haifiki mahali pa vita. Ukingo utaanguka na majani yake juu yake, kama kofia juu ya kichwa. Majani hushika juu na katikati, na mguu washikwa na mawe au nguzo. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

Tena hapana ujenzi utakaodumu ikiwa watu wachota mchanga mtoni chini yake. Sakafu ya mto ikishuka, mguu wa mawe hubaki hewani. Mtu hawezi kujenga kwa mkono wa kulia na kuuza msingi kwa mkono wa kushoto.

Ni nani atakayelipa?

Hapa ndipo penye ugumu, nami sitauficha. Mkulima wa upande wa nje anapoteza ardhi. Mkulima wa upande wa ndani anaona mchanga ukiongezeka mbele yake, anapanda mahindi, na anasema ni baraka. Mkulima aliye mbali na mto anasema hayamhusu. Hivyo mzigo wote wamwangukia mmoja, ambaye hakuchagua shamba hilo bali alilipata kwa kura.

Maoni yangu ni haya. Mkulima wa ndani ya kona amepata kitu ambacho hakukitolea jasho. Haki yataka naye atoe mawe na siku za kazi pamoja na wengine. Mkulima aliye mbali na mto naye atumia barabara ile ile, daraja lile lile na josho lile lile. Mto ukihama, havitamngoja. Atoe pia, ingawa kidogo. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na kazi ya namna hii ni yao. Chama kikienda kwa mhandisi na kwa wakuu wa kaunti kikiwa na ramani moja, ombi moja na mchango uliokwisha kukusanywa, kitasikilizwa kuliko watu wanne wanaolalamika kila mtu kivyake.

Na ziko kona ambazo hazifai kulindwa. Ikiwa mto unakula malisho tu, wala hapana nyumba, daraja wala bomba karibu, huenda mawe yakagharimu kuliko ardhi yenyewe. Hapo busara ni kurudisha ua nyuma na kuuachia mto nafasi yake. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa mto usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, na mwenye kona yafaa auone ukanda huo kuwa akiba na si hasara. Mkiamua kuiacha kona, lakini, msimwache mwenye shamba. Yule anayerudi nyuma kwa faida ya wote asaidiwe na wote, kwa malisho, kwa kazi, au kwa njia nyingine mtakayokubaliana barazani.

Anzeni mwezi huu

Kabla ya mvua, fanyeni jambo dogo lisilo na gharama. Kila mwenye shamba katika kona apigilie vigingi vitatu, mita 10 kutoka ukingoni, kimoja juu ya kona, kimoja katikati, kimoja chini. Kila mwisho wa mwezi apime umbali kutoka kigingi hadi ukingo, aandike katika daftari pamoja na tarehe. Asikaribie ukingo uliopasuka, na watoto wasitumwe kazi hiyo. Baada ya mvua mbili mtajua mto unakula kiasi gani, na wapi, na unaelekea kwa nani. Mhandisi akija, mpeni daftari hilo kwanza kabla ya chai.

Pia ondoeni njia za ng'ombe zinazoshuka ukingoni, mchague mahali pamoja pa kunyweshea, upande wa ndani au pale mto uliponyoka. Msilime mpaka ukingoni. Safu mbili za mahindi mnazopata leo kwa kulima huko ndizo zitakazoondoka kwanza, na nyingine nyuma yake.

Mvua za 1961, za 1997 na za 2024 zilitukumbusha kwamba mto hauulizi mipaka ya ramani. Maji hufuata mkondo, na mkondo hupita mbele ya mashamba yenu yote. Basi kaeni pamoja, mwenye shamba la juu, la katikati na la chini, na yule wa ng'ambo mumwite pia. Mkikubaliana, pelekeni shauri lenu kwa mhandisi. Msipokubaliana, msipoteze fedha zenu kwa mawe.